Samaki wanahema juu ya maji: je, ninunue pampu kubwa?

Mfugaji: Ndugu zangu, samaki wangu wa maji baridi wanapanda juu na kuhema kwa nguvu ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Je, ninunue kubwa zaidi?

Kinasa: Nunua, ndugu. Yangu ndogo ilikuwa na kelele hata nikahamishia kitanda chumba kingine.

Bi Dafnia: Kabla ya pampu, tueleze umetia nini majini.

Mfugaji: Nimetia dawa yenye chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha, kwa kuwa mapezi yalikuwa na kuvu. Lebo inasema ni salama kwa binadamu. Dozi ya pili nimekwisha kuipima, wala sioni sababu ya kukatiza tiba.

Mlezi: Vijana hamna subira, kila kipya ni dawa kwenu.

Bi Dafnia: Binadamu hapumui kwa matamvua. Chembe hizo, zenye ukubwa wa nanometa 1 hadi 100, huachia ioni za fedha, yaani atomu zenye chaji ya umeme, ambazo huzuia kimeng'enya kinachosafirisha sodiamu kwenye matamvua, hivyo samaki wa maji baridi hupoteza chumvi za mwilini hata pale hewa inapokuwa tele. Isitoshe, dawa inayoua bakteria haiwabagui wale wa kwenye chujio wanaobadili amonia, taka yenye sumu inayotolewa na samaki, kwa hiyo huenda una sumu mbili. Pima amonia leo, uwahamishie samaki kwenye maji safi yaliyoondolewa klorini, na dozi ya pili uiache.

Mzee Shaka: Hili ni swali la mtihani lililovikwa nguo za msiba. Mwenye hofu ya kweli haanzi na pampu huku dawa ameificha. Na hao konokono wa tangini, ambao kila mfugaji anao, mbona hawatajwi?

Mfugaji: Sikutunga. Konokono walikufa mapema, nikadhani ni uzee. Basi, nitabadilisha maji, na haya ya zamani nitayamwaga kijitoni, ambako yatachanganyika na kupotea.

Mzee Shaka: Sasa nimeamini, mtunzi asingebuni kijito.

Bi Dafnia: Kijitoni hapana. Dafnia, krasteshia wadogo wanaojilisha kwa kuchuja maji, hudhurika kwa kiasi kidogo sana cha fedha, nao ni chakula cha samaki wachanga. Yapeleke kwenye bomba la majitaka linaloishia kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, ambako sehemu kubwa ya fedha hugeuka salfaidi isiyoyeyuka kwa urahisi na kubaki kwenye tope. Amonia imesoma ngapi?