Picha ya zamani ya Dodoma: nitajuaje ilipigwa wapi?

Wakuu, habari za jioni. Kwenye sanduku la marehemu mzee nimekuta picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Nyuma imeandikwa kwa wino "Dodoma, kiangazi", basi. Kona moja imeliwa na mchwa. Kuna duka la mabati lenye baraza, mkokoteni wa ng'ombe, na kwa mbali mlima wa mawe. Nataka nipige nyingine palepale nizilinganishe. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Mkuu, achana na duka, hilo huenda lilishabomolewa zamani. Shika mlima. Kama ni Mlima Simba, yale mawe hayajahama. Tembea mpaka yakae kwenye picha yako kama yalivyokaa kwenye ile, hapo umefika. Reli nayo inasaidia, ya zamani lakini, siyo ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2024.

Jibu la 2
Baraza la hivyo mimi ningeanzia mtaa wa Uhindini. Picha ya mitaa ya Area C au D ni rahisi zaidi kukadiria umri: CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliundwa 1973, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipopitishwa, ikapima viwanja kwa wingi. Ilivunjwa 2017.

Muuliza swali
Shukrani. Jumamosi naenda. Kivuli cha mkokoteni ni kirefu, kwa hiyo nitajaribu asubuhi na jioni. Nikikuta ghorofa limeziba mlima, je?

Jibu la 1
Omba kupanda juu yake. Mlinzi msalimie vizuri, umwonyeshe picha kwanza.