Tupeane uzoefu: Uliwahi kusafiri nje ya msimu? Uliokoa nini, ulikutana na nini?

Habari za wakati huu wakuu.

Miaka yote nilikuwa nasafiri Desemba, pamoja na dunia nzima. Nauli inauma, foleni kila mlango, narudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Safari iliyopita nikaomba likizo Novemba, nikaenda Venice. Chumba nilichokuwa nimekiulizia kwa ajili ya Julai nilikipata kwa chini ya nusu ya bei. Mji ule umeelemewa na wageni hasa: tangu Aprili 2024 wageni wa kutwa hulipa kiingilio katika siku za msongamano, lakini Novemba hakuna kiingilio. Nilichokutana nacho ni maji. Majira hayo bahari hupanda, na asubuhi moja nilivuka uwanja wa San Marco juu ya majukwaa ya mbao. Sijutii hata kidogo, maana jioni nilisimama darajani peke yangu.

Karibuni, leteni na mabaya pia. Tusidanganyane kwamba rahisi haina gharama.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, mimi la kwangu ni la Karibi. Nilikwenda Septemba kwa sababu bei zilikuwa chini mno, sikujiuliza kwa nini. Msimu wa vimbunga kule huanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele chake. Siku ya tatu tukatangaziwa kimbunga, ndege zikasitishwa, tukakaa hotelini siku nne za ziada kwa pesa zetu. Nikakimbilia kutafuta bima ya safari, nikaambiwa kimbunga kikishapewa jina hakuna atakayekulipa kwa hasara yake. Bima inanunuliwa mapema, siku unayokata tiketi. Nililipia somo hilo kwa akiba ya miezi mingi, ndiyo maana nalisema kila ninapopata nafasi.

Mchangiaji wa 2
Pole sana mkuu.
Mimi napenda pembezoni mwa msimu, si katikati ya msimu mfu. Visiwa vya Ugiriki nimekwenda mara mbili, Mei na Oktoba. Bei za nauli na vyumba zilikaribiana miezi yote miwili, lakini bahari ilikuwa tofauti kabisa. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo Mei jua linawaka ilhali maji bado yana baridi ya kukata pumzi. Oktoba niliogelea kila siku. Ila usivuke mwezi huo: kuanzia Novemba hoteli nyingi za visiwani hufungwa na safari za feri hupungua, unaweza kukwama kisiwani ukisubiri bahari itulie. Kabla ya kulipia chumba huwa naandika kuuliza: mtakuwa wazi tarehe hizo? Boti ni ngapi kwa wiki?

Mchangiaji wa 3
Sisi walimu miezi hatuwezi kuchagua. Shule ikifunga ndiyo tunatoka, na bei nazo zinajua. Nimejifunza kusogeza siku badala ya mwezi. Viti vya ndege huuzwa kwa mafungu, vya bei ya chini vikiisha unahamia fungu la juu, na siku ya kwanza ya likizo kila mtu anavigombania. Mwaka juzi niliondoka Krismasi yenyewe, 25 Desemba asubuhi, nikarudi Jumatano. Tofauti ya nauli ilitosha kumlipia mwanangu tiketi yake. Ilikuwa safari yake ya kwanza kupanda ndege, nami bila hesabu ile ningemwacha nyumbani.

Mchangiaji wa 4
Nyongeza fupi: msimu wa chini kwako waweza kuwa kilele kwa wenyeji. Nilienda Japani mwishoni mwa Aprili nikidhani nimewahi, kumbe ndiyo wiki yao ya sikukuu zinazofuatana hadi 5 Mei. Treni zimejaa, vyumba hakuna. Mwaka Mpya wa Kichina nao huhama kati ya 21 Januari na 20 Februari. Siku hizi naanza na kalenda ya sikukuu za ninakokwenda, bei baadaye.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. Mwalimu, hiyo ya tarehe 25 nimeichukua. Wa Karibi, kuna aliyewahi kurudishiwa gharama za siku za kukwama hotelini? Alidai vipi, na alitakiwa kutunza karatasi zipi?