Lenzi gani ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) kwa picha za samaki ndani ya tangi? Niko na Canon 700D

fulu_ksm
Wadau habari zenu, niko Kisumu upande wa Nyalenda. Nina tangi la futi tatu la fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, kuna mvuvi wa Dunga huniletea wakinaswa na neti za omena, na tangi lingine dogo la kamba wale wekundu wa mapambo. Watoto wao nauza mtandaoni lakini picha zinaniangusha sana. Ukimwona dume kwa macho ni moto, buluu na nyekundu na zile doa za manjano kwa pezi la chini nyuma, ukiangalia picha ni kivuli tu cha kijivu halafu mimi mwenyewe ndani ya kioo nimeshika kamera. Natumia ile 18-55 STM iliyokuja na kamera. Nimekusanya elfu 35, nimeona 60mm ya EF-S na 100mm f/2.8 ya zamani ile isiyo L, zote mtumba. Nichukue gani, ama nivumilie niongeze nipate L (ile ya daraja la juu ya Canon) yenye IS, yaani kitulizo cha mtikisiko wa mkono? Na msiniambie ninunue full frame (kamera ya sensa kubwa) tafadhali 😂

kakamega_wadudu
100mm na usiangalie nyuma. Mimi hupiga vipepeo na buibui huku msitu wa Kakamega na 60mm iliniudhi, ukitaka mdudu wa ukubwa wake halisi kwa sensa mdomo wa lenzi unabaki kama sentimita 9 kutoka kwake, ashatoroka. Ile 100 inakupa karibu 15. Samaki pia ni waoga, ukisimama mbali kidogo wanakuzoea. IS ya L ni nzuri kama mkono unatetemeka lakini kwa hiyo bajeti achana nayo.

mwanga_nax
Kwa wadudu uko sawa kabisa mkuu, kwa tangi hesabu inageuka. Dada akitaka kuua riflekshoni, asijione ndani ya kioo, lazima mdomo wa lenzi uguse kioo ama ukaribie kugusa. Halafu maji yanadanganya jicho, kitu kinaonekana kwa robo tatu tu ya umbali wake wa kweli. Sasa 60mm ikiwa imeguswa kwa kioo, kamba akiwa sentimita 12 hivi ndani ndio unampata 1:1, yaani ukubwa wake halisi kwa sensa. Kwa 100mm lazima awe 20 ndani. Tangi dogo la kamba lina kina gani kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma, sentimita 25? Na kamba wenyewe wanapenda kukwaruza mwani hapo mbele kabisa! Kwa hivyo utalazimika kurudi nyuma na ukirudi nyuma tu umejikaribisha tena ndani ya kioo. Kwa kamba mimi ningechukua 60.

Lakini swali langu ni lingine. Huyo fulu ni mrefu kiasi gani?

fulu_ksm
Dume mkubwa ni sentimita 9 hivi, wengine 6 ama 7.

mwanga_nax
Basi sikiza. Sensa ya 700D ina upana wa milimita 22. Kumjaza samaki wa sentimita 9 kwa fremu unahitaji ukuzaji wa 1:4 tu. Hiyo 18-55 STM yako ukiivuta mpaka 55 na ukaribie mwisho inafika 0.36, yaani fremu ya sentimita 6 hivi. Samaki wako anaingia na mkia unakatika! Lenzi ya fulu unayo tayari. Unachokosa ni mwanga, na hakuna lenzi ya makro inayokuja na mwanga, tena ukisogea kabisa mpaka 1:1 yenyewe inakula mwanga karibu stopu mbili, unabaki kama robo. Na IS unayoisubiri inatuliza mkono wako, haimtulizi samaki. Kwanza nunua fleshi ya mtumba yenye manyuwali (nguvu unaiweka mwenyewe), zile YN560 zipo nyingi, na triga ya redio ya kuiwasha ikiwa mbali na kamera. Pesa itakayobaki ndiyo ya 60mm baadaye.

fulu_ksm
Fleshi nilijaribu ile ya juu ya kamera, ikapiga kioo ikawa doa jeupe katikati ya picha, nikaachana nayo. Wewe unaweka wapi?

mwanga_nax
Juu ya tangi, inaangalia chini, jua la saa sita linavyopiga ziwa. Weka kipande cha kioo ama plastiki safi kwanza juu ya tangi maana samaki hurusha maji, alafu karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, alafu fleshi. Inatumia betri nne za kawaida, haihitaji stima ya ukutani. Kama triga huna bado, ile fleshi ya kamera inaweza kuiamsha ukiweka YN kwa S2 (siyo S1, maana Canon hutoa mwale wa kupima kabla ya mwale wenyewe na S1 itaamka mapema), ila ikinge na kadi isitazame kioo, iangalie darini.

Kamera kwa M, 1/200, f/11, ISO 200, fleshi anza na robo ya nguvu yake. Zaidi ya 1/200 hiyo bodi hukata picha kwa utepe mweusi. Piga moja bila fleshi, inafaa itoke karibu nyeusi yote. Ukijiona kwa hiyo picha nyeusi basi zima taa za chumba, funga pazia, vaa shati nyeusi. Pampu zima dakika chache vumbi litulie, kila chembe inayoelea itang'aa kama nyota, na usiwalishe kabla. Kioo nje kina chokaa? Siki na kitambaa laini.

Kitu kimoja ambacho watu hawaamini: piga picha kamera ikiwa imekitazama kioo moja kwa moja, digrii 90. Ukiinamisha kamera kidogo tu, kioo na maji vinapindua mwanga na samaki anatoka na ukungu na rangi pembeni, hata ukiwa na lenzi ya laki mbili. Na polaraiza (kichujio cha kupunguza riflekshoni) usinunue kwa kazi hii, ukiwa digrii 90 haikusaidii, inakula mwanga tu.

kakamega_wadudu
Nimekubali hapo kwa maji, sikuwa nimewazia hiyo robo tatu. Ila bado nasema 100 utaiuza kwa urahisi ukichoka nayo, na inaingia kwa bodi za full frame, 60 ya EF-S haiingii 😅

njoro_aqua
Samahani nidandie hapa, mimi niko na Nikon D3200. Nimeona 60mm f/2.8 AF-D bei poa, inafaa?

mwanga_nax
Inaingia lakini otofokasi haitafanya kazi, D3200 haina mota ndani ya bodi na hiyo lenzi haina yake. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Ukijua kufokasi kwa mkono chukua tu, kwa makro wengi wetu tunaweka umbali mmoja alafu tunamngoja samaki aingie.

omera_vioo
Niongeze ya fundi. Mimi hutengeneza matangi Kondele na kuna mteja huniagiza tangi la picha, dogo, kioo cha 4mm, na ndani kipande cha kioo kinachosogezwa mbele na nyuma. Unamweka samaki kwa hiyo nafasi nyembamba hawezi kuzama nyuma. Kioo kinene kina ukijani, ndiyo maana nyeupe kwa picha hutoka kijani. Lakini mama aliyebeba mayai mdomoni usimtoe kumpeleka huko, akishtuka anayatema ama anayameza.

fulu_ksm
Omera asante, nitapitia Kondele tuongee bei. Nanunua fleshi kwanza, 60 itafuata watoto wakiuzika. Swali la mwisho, huo mwanga hauwaumizi macho? Hawana kope.

mwanga_nax
Mwale wenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, wangu sijaona wakipata shida. Kinachowatisha ni giza la ghafla alafu mwanga ghafla, kwa hivyo taa ya tangi iache ikiwaka hata ukizima za chumba, kwa f/11 haitaonekana kwa picha. Dume ataruka mara mbili tatu za kwanza, alafu atarudi kufukuza wenzake, hapo ndio upige, amefungua mapezi yote.