Naomba msaada: kwa nini Kinjeketile hakukana maji? Mtihani ni Jumatatu

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Wakuu, habari za jioni. Nipo chuo, nasoma Kiswahili. Kwenye kozi ya tamthiliya tuna tanzia mbili: Mfalme Edipode ya Sofokile, ile aliyoitafsiri Samuel Mushi, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Nimekwama pale mwisho. Watu wamekwisha, wameshindwa vita vya Maji Maji, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anachotakiwa ni kusema tu kwamba yale maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Naomba hoja za kumtetea, tena za nguvu. Usingizi siupati.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, kitabu hicho kilitoka mwaka 1969 na nimekifundisha miaka mingi. Anza na dibaji. Hussein anaonya kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinachipua. Mwandishi kamwacha hai mpaka watu washindwe, ili aone kwa macho yake neno lake lilikofika. Tanzia iko hapo, kabla ya kitanzi.

Mmatumbi wa Kipatimu: Bibi yetu hakupenda kuita vita vya maji. Kwake vilikuwa vita vya pamba. Pale Nandete, Julai 1905, watu walianza kwa kung'oa pamba ya Mjerumani, naye alisimuliwa hayo na mama yake. Mpaka anakufa hakutaka mto wa pamba ndani ya nyumba. Tulilalia sufi. Nikiona msufi umepasua maganda yake naikumbuka harufu ya kile chumba.

Dada Zuhura: Poleni na safari ya Kipatimu, lakini mimi namuuliza mwenye uzi. Kaka, mtu hakosi usingizi kwa swali la insha. Kuna kitu umekiacha. Kiseme.

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Dada umenishika. Mimi ndiye CR, mwakilishi wa darasa. Wiki iliyopita niliwaambia wenzangu swali la lazima linatoka Kinjeketile. Tuko 60 na kitu. Edipode wameiacha kabisa.

Kipanga: Mhadhiri ndiye aliyekwambia?

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Hapana. Nilipeleka karatasi za mahudhurio ofisini kwake, nikaona kitabu kimefunguliwa kurasa za mwisho, kapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia rafiki yangu mmoja, nadhani itatoka hii. Kufika usiku kwenye kundi la WhatsApp ile "nadhani" imeshadondoka njiani, kimebaki "CR kasema". Wakaniuliza, kweli? Nikajibu, ndiyo. Lakini jamani, nikikanusha leo watachanganyikiwa, na siku zilizobaki ni sita. Huenda ikatoka kweli. Naona bora niwaandalie Kinjeketile vizuri wafaulu wote. Ndiyo maana naomba hoja.

Ustadh Mpole: Hiyo "ndiyo" yako ni uongo, usiipake rangi. Njia ya mwongo ni fupi. Ungekuwa kijana wangu, kabla ya hoja ungeenda kuwaomba radhi.

Mla Kashata: Mkuu, siku ya mtihani simama mlangoni na ndoo, wanyunyizie mmoja mmoja wakiingia.

Mpekuzi: Wakuu, hii ni chai. CR katoa neno, neno limemshinda, na kitabu anachosoma ni hichohicho? Huyu kapewa insha ya nyumbani, kaivalisha nguo, sisi tunamjazia hoja bure. Kama umekisoma kweli, sema kilichomfanya Kinjeketile awazuie watu wasiende vitani.

Kipanga: Hata mimi nimeanza kuhisi.

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Seyyid Said. Akiwa amepandwa na pepo Hongo alitamka kwamba Mjerumani ataondoka na wao watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar. Alipozinduka akaliona tundu: wamtoe bwana mmoja wakamtumikie mwingine? Akataka wangoje. Hawakungoja.

Na kama ni chai, njoo steshenari ya nje ya geti letu. Juu ya kaunta kuna kopi za Edipode zimefungwa kwa raba bendi, kila fungu lina jina kwa kalamu ya bluu. Leo nimehesabu mafungu 41. Yule kijana wa mashine kaniuliza, CR, watu wako mbona hawaji kuchukua? Fungu la juu kabisa ni la dada anayesoma huku analea mtoto. Muhula uliopita alipata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Akianguka tena anadisko, chuo kinamwondoa.

Mpekuzi: Hilo la raba bendi sina la kusema.

Dada Zuhura: Na huyo mama mtoto naye umemwandalia hoja?

Mwalimu Mstaafu: Kijana, kitabu umekisoma, ila umekaa kwenye kiti kisicho chako. Kwa Kinjeketile, aliyetaka akane ni nani? Mjerumani, ili kesho watoto waambiwe kwamba babu zao walipigania upuuzi. Kukataa kulimgharimu roho. Wewe wanaohitaji ukane ni wenye yale mafungu. Na ukikaa kimya unapoteza nini? Unabaki CR. Sasa fungua hicho kingine ulichowafungia. Mkewe anamsihi Edipode aache kuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mchungaji mzee naye anamsihi. Anauliza tu, na anajua jibu linakuja kumwangukia yeye.

Ustadh Mpole: Mwalimu, Mungu akupe umri.

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Shikamoo mwalimu. Nimeisoma mara tatu.

Mmatumbi wa Kipatimu: Usisome ya nne. Andika.

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Saa nne na nusu usiku. Nimetuma hivi: "Mhadhiri hakuniambia chochote. Niliona kitabu mezani nikakisia, mlipouliza nikasema ndiyo. Nisameheni. Someni vitabu vyote viwili. Kopi za Edipode ziko steshenari."

Dada Zuhura: Wamesemaje?

Kalamu ya Mwaka wa Pili: Wawili wamenitukana, nimenyamaza. Yule dada kaandika kwamba atapitia fungu lake alfajiri akimpeleka mtoto kwa bibi yake. Halafu kuna mmoja kaandika: "CR kasema inatoka Edipode, kazi kwenu." Nimemjibu sikusema hivyo. Kanijibu, tumekuelewa CR, usiwe na wasiwasi. Sasa hivi kuna watu kumi na wanne wanaulizana steshenari inafunguliwa saa ngapi.