Kwaya ya akina mama: wanaume wapokelewe?

Wapendwa, naomba tujadili jambo lililotugawa kwenye kwaya yetu ya akina mama. Kuna baba ameomba kujiunga. Anaimba besi vizuri, ni mtu wa heshima, na mkewe ni mwenzetu. Wanaotaka apokelewe wanasema nyimbo nyingi za kitabuni zina sauti nne na sisi tunaziimba nusu. Wanaongeza kwamba kumzuia mtu kuimba kanisani kwa sababu ya jinsia ni ubaguzi.

Mimi nasema asipokelewe.

Hoja ya besi ni nyepesi. Mwalimu anayeijua kazi yake huipangia kwaya ya wanawake sauti tatu, na ile ya tatu huishika akina mama wenye sauti nzito. Hofu yangu ni kwa ajili ya hao. Wanaume wakiingia, sauti hiyo ya tatu, yaani teno, wataichukua wao, na mama aliyekuwa akiubeba wimbo atahamishiwa sauti ya pili akajikamue koo huko, au anyamaze. Katika malumbano yote haya sijasikia anayemtetea.

Ya ubaguzi ina uzito zaidi. Dada mmoja ametukumbusha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar: aliimba na wanaume, akina Subeit Ambar, na mwaka 1928 akaenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri. Ni kweli, ila pale Siti ndiye aliyekuwa mbele na wanaume walimfuata. Upande wa ala, Zanzibar hiyohiyo, ganuni, udi na fidla vilikaa mikononi mwa wanaume kwa muda mrefu mno. Mwaka 2009 Maryam Hamdani akaanzisha Tausi, kundi la taarab ambamo wanawake wenyewe ndio wapigaji. Wangekaribishwa wapigaji hodari wa kiume tangu mwanzo, nani angempa mama anayejifunza nafasi ya kukosea mpaka aweze?

Kwetu ni vilevile. Kwaya kuu imechanganyika: mwenyekiti ni baba, mwalimu ni baba, mpiga kinanda ni baba, akina mama wameachiwa sare na chai. Huku kwetu mama ambaye hakuwahi kusimama mbele za watu anaendesha kikao. Baada ya mazoezi tunaongea mambo ya uzazi, ya madeni, ya ndoa. Mke wa huyo baba ataongea nini mumewe akiwa ameketi pale?

Lakini sisemi kila kwaya ya jinsia moja iifungie mlango jinsia nyingine. Kipimo changu ni kimoja: anayekataliwa anapo pengine pa kuimba? Huyu baba anayo kwaya kuu. Kijiji chenye kwaya moja tu kisimkatalie mtu. Uingereza, kwaya za makanisa makuu zilichukua wavulana peke yao kwa karne nyingi, na msichana hakuwa na mahali pengine pa kupata mafunzo yale. Mwaka 1991 kanisa kuu la Salisbury likaanzisha kwaya ya wasichana kando ya ile ya wavulana, na hakuna aliyeondolewa.

Nawasikiliza hasa mnaotoka kwenye kwaya za akina mama zilizokwisha kupokea wanaume. Uchaguzi uliofuata mlimchagua nani mwenyekiti? Na yule mama wa sauti ya tatu, bado yupo?