Panchi ya sikukuu: maembe na pasheni, ukwaju, au ya chupa? Naagiza kesho

Bint_Langoni
Assalaam alaikum wapenzi. Kwetu Lamu kuna mkusanyiko wa ukoo, shule zimefungwa na watu wameanza kushuka kutoka Mombasa na Dar. Vinywaji nimetwikwa mimi. Kila mwaka ni kreti za soda. Mwaka huu nataka panchi ya matunda, iwe rahisi na iwe na rangi, mtu akiiona tu ajue leo ni sikukuu. Nimebaki na tatu kichwani: maembe na pasheni na nanasi, ukwaju na tangawizi, au ile nzito ya chupa, unatia maji na soda, kazi imekwisha. Kesho jioni nampa orodha mtu anayevuka kwenda Mokowe, bara, kwa hivyo nataka jibu leo. Pia nimeona ndoo ya plastiki yenye bomba, lita 20. Ninunue au ni israfu?

PundaMkaidi
Ukwaju.

Kijana_wa_Malindi
Maembe, dada, na sijui unauliza nini. Huu ni mwezi wa kumi na mbili. Huku kwetu ngowe na boribo zimejaa mpaka mtu anakugawia bila kuombwa. Kufungua chupa msimu wa maembe ni kukufuru neema.

Bi_Kanga
Waalaikum salaam mwanangu. Hujatwambia watu wangapi. Hujatwambia mchana au usiku, watoto wangapi, wenye sukari wapo au hawapo, na barafu utaitoa wapi. Hata siku yenyewe hukuitaja. Sasa tukujibu nini?

Bint_Langoni
Samahani Bi. Ni Jumamosi baada ya Adhuhuri. Watu 40. Wakija wa Matondoni ni 50.

Bi_Kanga
Na friji?

Bint_Langoni
Ipo, ndogo. Friza imejaa samaki wa kaka.

Mpishi_Mpole
Haya, sasa tuna pa kuanzia. Watu 50, bilauri mbili mbili za mililita 200, hizo ni lita 20. Lakini usitengeneze lita 20 za juisi, maana barafu ikiyeyuka nayo ni maji. Mimi ningetengeneza 15, nzito kidogo na tamu kupita ninavyotaka, barafu imalizie yenyewe. Kitu kikiwa baridi ulimi hausikii utamu sawasawa. Ukionja ikiwa vuguvugu ukasema iko barabara, ikipoa utaiona chapwa.

Sukari usiimwage kavu. Chemsha kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji mpaka iyeyuke yote, ipoe, itie chupani, halafu uongeze kidogo kidogo huku ukionja. Sukari kavu ndani ya kitu baridi hulala chini, na ndoo ya bomba hutoa cha chini kwanza: wageni wa mwanzo wanakunywa asali, wa mwisho wanakunywa ndimu.

Pasheni usizisage na mbegu zake. Mbegu ikivunjika inatoa uchungu na vumbi jeusi. Kijiko, chujio, basi.

Barafu ya vipande vidogo haitafika Alasiri kwa joto hili. Gandisha bakuli zima la juisi hiyo hiyo, pande moja kubwa, ulitumbukize ndani. Pande huyeyuka polepole, na likiyeyuka ni juisi, halikuharibii ladha. Hao samaki wapishe usiku mmoja.

PundaMkaidi
Samaki hawatoki. Ukwaju hauna haja ya friza.

Kijana_wa_Malindi
Ukwaju una rangi ya tope. Mwenyewe amesema anataka rangi.

PundaMkaidi
Rangi ya tope anayo asiyejua kuuchuja.

Bi_Kanga
Kabla hamjafika mbali. Mwanangu, usithubutu kutia maziwa. Najua atatokea mtu hapa akwambie utie maziwa au aiskrimu ili iwe laini. Mimi niliambiwa hivyo.

Ilikuwa Idi yangu ya kwanza kwa wakwe. Nilitaka waseme mke kapatikana. Nikasaga mananasi sita na maembe, nikatia maziwa mabichi ya ng'ombe, sukari, iliki, nikafunika usiku kucha, nikalala nimefurahi. Asubuhi nafunua: maziwa yamejikata vipande vipande kama mtindi uliopigwa, na chini yake maji ya manjano. Nikajiambia ni mafuta ya maziwa tu hayo. Nikakoroga kwa nguvu, nikatia barafu, nikapeleka sebuleni.

Mama mkwe akawa wa kwanza. Akapiga funda moja. Hakusema kitu. Aliinuka, akaiweka ile bilauri ndani ya kidaka cha ukutani, baina ya sahani mbili za kale za kichina, akarudi kuketi na kuendelea na mazungumzo. Ile bilauri ikabaki pale. Adhuhuri iko, Alasiri iko, kila aingiaye kusema Idi Mubarak anaiona, na mimi siwezi kuiondoa kwa sababu nikiiondoa nitakuwa nimekiri. Ilipofika Maghribi imejigawa tabaka tatu. Wifi yangu ndiye aliyekuja kuichukua, akaninong'oneza sikioni, "Ni chungu kama shubiri." Nikaonja. Kweli ilikuwa chungu.

Mpaka leo akija mgeni na nanasi mimi nakumbuka kidaka kile.

Mpishi_Mpole
Pole Bi, lakini kosa halikuwa lako wala la ng'ombe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake ni kukatakata protini. Kikikutana na maziwa kinaanza kula, na zile protini zikikatika ndipo uchungu unapotoka. Juu yake kuna ukali wa nanasi wenyewe, nao hugandisha maziwa. Na ndicho hicho kinachokuwasha ulimi ukila nanasi jingi. Papai nalo lina cha kwake. Ungelichemsha nanasi kwanza, au ungetumia la kopo, kisingekuwako, moto hukiua.

Bi_Kanga
Miaka yote hii mimi najua nilifanyiwa na wifi.

Dada_wa_Bandarini
Nitasema msilopenda: chupa. Nyie mnaosema chupa ni aibu hamjawahi kuosha blenda mara kumi na tano huku umeme unaondoka na kurudi. Watu 50! Ana mikono miwili na wali wa kupika. Atie ya chupa nusu ya kipimo kilichoandikwa, maji baridi, ndimu kumi na tano azikamue kweli ili ile ladha ya dukani ipotee, kisha akate nanasi na embe vipande vidogo vielee juu. Soda ya tangawizi aitie wageni wakishakaa, si kabla, gesi ikitoka inabaki sukari tu. Hakuna atakayemuuliza.

Kijana_wa_Malindi
Mimi nitamuuliza.

Dada_wa_Bandarini
Wewe hukualikwa.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu zangu, kwanza hili neno "panchi". Sisi tuna neno letu, sharubati, limekuwepo kabla ya hizo chupa zenu. Kwa nini tunaazima?

Mpishi_Mpole
Mwalimu, sharubati nayo imetoka Uarabuni, tuliiazima tukasahau kuirudisha.

Mwalimu_Mstaafu
Imeshakaa, ina wajukuu. Tena mwelewe mnachokiita. Wengi wanaofuatilia maneno husema "punch" ya Waingereza ilitoka kwa Kihindi "panch", yaani tano, kwa vitu vitano: pombe, sukari, ndimu, maji na viungo. Sisi ile ya kwanza hatutii. Zinabaki nne. Kwa hesabu hiyo aiite "char".

Nahodha_Pensheni
Mwalimu umenikumbusha. Ile ya kwanza wakati mwingine hujitia yenyewe. Nilibeba jerikeni ya lita 20 ya juisi ya nanasi kutoka Malindi, imejazwa mpaka shingoni, kifuniko kimekazwa. Jua kali, upepo hakuna, tukachelewa usiku mzima. Asubuhi jerikeni imevimba kama pono anayeogopa, nikashika kifuniko tu, paa! Kikaenda baharini. Povu mpaka miguuni. Vijana wanacheka wanataka kuonja, nikaimwaga yote.

PundaMkaidi
Pono havimbi, nahodha. Anayevimba ni bunju.

Nahodha_Pensheni
Bunju. Umri huu. Neno langu ni kwamba asiitengeneze Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi akaiacha nje. Matunda, sukari na joto, siku moja tu vinaanza kufanya kazi. Ikitoa povu na harufu ya tembo la mnazi, sitaki fatwa, imwagwe.

Umm_Watano
Mimi ni wa ukwaju lakini nitasema ukweli wake. Nusu kilo naurowekea maji ya moto lita moja, saa nzima, kisha nauvyoga kwa mkono mpaka kokwa zitoke safi, nachuja mara mbili kwa kitambaa. Naongeza maji mpaka iwe kama lita nne na nusu. Tangawizi mbichi naitwanga, naichemsha na ile sukari, si kuisaga ndani, ikisagwa inaacha nyuzi kooni. Iliki tatu. Chumvi chembe tu, msiniulize kwa nini, onjeni.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwanza, usiuweke kwenye sufuria ya alumini usiku kucha, ukwaju ni mkali, unaila sufuria na utasikia ladha ya chuma. Plastiki, kioo au stili. Pili: nyumba ina vyoo vingapi?

Bint_Langoni
Vyoo viwili. Kwa nini?

Umm_Watano
Watu 50, ukwaju bilauri mbili mbili, na pilau ya mafuta. Hesabu mwenyewe.

Kijana_wa_Malindi
😂😂😂 Maembe, nimesema.

PundaMkaidi
Maembe nayo mtu akila sana hukimbia. Acha uongo.

Mpishi_Mpole
Embe lipi lakini? Kwa juisi la kienyeji lina harufu kushinda yote ila nyuzi zake zinaziba bomba la ndoo, lichujwe. Ngowe haina nyuzi za kusumbua. Dodo mimi siliwekei juisi, naliona la kula kwa kisu na pilipili.

Kijana_wa_Malindi
Boribo. Ngowe mnaisifia kwa umbo tu.

Mwalimu_Mstaafu
Huyu kijana amezaliwa mwaka gani hata aiseme ngowe?

(Hapa watu saba waliendelea na ngowe na boribo mpaka usiku.)

Bint_Langoni
Jamani. Bado sijaagiza. Na nilisahau kusema, mama ana sukari na ami zangu wawili pia.

Bi_Kanga
Hilo ndilo nililouliza mwanzo kabisa.

Umm_Watano
Basi usidanganywe na neno "sina sukari niliyotia". Juisi ya embe na nanasi ni sukari tayari, kutia au kutotia. Wawekee jagi lao mbali: maji baridi, ndimu, majani ya nanaa, vipande vya tango. Lipambe zuri kuliko lile kubwa, wasijione wagonjwa mbele ya watu. Na watoto uwazuie, watalimaliza hilo.

Dada_wa_Bandarini
Na maji ni ya wapi? Hakuna aliyeuliza hilo. Ya bomba siku hizi kwetu yana chumvi, ukitengenezea ukwaju utafikiri umechota ufuoni.

Mpishi_Mpole
Kweli kabisa. Yakiwa na chumvi ununue ya chupa kubwa, maana kuchemsha hakuitoi chumvi; yasiyo na chumvi yachemshe siku moja kabla. Na barafu ya kununua ujue imetokana na maji gani. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, kunavilaza tu.

Mkazi_wa_Shela
Maji mnayokunywa huko mjini yanatoka visima vyetu chini ya matuta ya mchanga, na ahsante hatujaisikia.

PundaMkaidi
Ahsante.

Mkazi_wa_Shela
Sawa.

Bint_Langoni
Ijumaa hii, habari ndiyo hii. Mtu wa Mokowe ameleta tikiti maji manne makubwa, nanasi tatu, na maembe nusu gunia ambayo kusema kweli sikuyaagiza mengi hivyo. Pasheni hakupata. Ukwaju alisahau. Ndoo imekuja haina bomba, ni tundu tu, wanasema bomba linauzwa kivyake. Mume wangu kaona nahangaika, kaleta kreti tatu za soda.

Dada_wa_Bandarini
Nilisema mimi.

Mpishi_Mpole
Usikate tamaa. Tikiti maji lisage peke yake na ndimu, ila liwe la mwisho kabisa, likikaa linajitenga, maji chini na mapovu juu. Embe na nanasi usiku huu. Ziba tundu kwa gunzi lililofungwa nailoni safi, chota kwa upawa juu.

Kijana_wa_Malindi
Gunzi! Mgeni atoke Dar aje kuona gunzi.

PundaMkaidi
Bint_Langoni, ukwaju ninao kilo mbili ndani, safi, hauna mchanga. Niko Mkomani. Nikuletee?

Bint_Langoni
Allah akulipe. Ndoo na ndoo basi, ya kwangu haina bomba.

Nahodha_Pensheni
Mtu wa bara akisoma hapa atadhani ni ndoo mbili, kumbe moja ni "njoo".

Mwalimu_Mstaafu
Na hilo nalo msibadilishe.

Bi_Kanga
Wale samaki wametoka friza au bado?