Tupeane uzoefu: safari ya siku moja mlimani, ulibeba nini, na uliacha nini ukakililia?

Binti wa Bigwa
Habari za jioni wanajamvi. Jana saa moja na nusu usiku nilikuwa naanua nguo uani, nikatupa jicho mlimani, nikaona vitaa viwili vya simu vinashuka Lupanga, kilele cha Uluguru juu ya Morogoro mjini, kwa kusuasua. Vinakwenda, vinasimama, vinarudi juu, vinashuka tena. Nikabaki nimeshika nguo mkononi mpaka vikapotelea kwenye migomba. Leo asubuhi nimesikia ni vijana watatu, wamefika salama. Ila usingizi sikuupata, kwa sababu mwaka 2016 kitaa kama kile nilikishika mimi.

Tulipanda watu wanne, tukaanza saa tatu asubuhi jua limeshawaka. Wa hapa mnajua: Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Lupanga inapita mita 2,100. Ukishaingia msituni njia ni mizizi na tope, unapanda kwa mikono na magoti. Kila mtu lita moja ya maji, mkate, soda, simu. Tuliambiana "ni kwenda na kurudi tu." Saa nane tuko kileleni ukungu ukashuka, hatuonani mita kumi. Kushuka kukachukua muda kuliko kupanda. Saa kumi na mbili chini ya ile miti ni usiku kabisa, ingawa mjini bado watu wanaonana. Simu yangu ilikuwa na asilimia 9, chaji yote imeliwa na picha. Mwenzetu mmoja alikaa chini akasema niacheni hapa hapa. Sauti yake ninayo mpaka leo.

Sitaki orodha ya dukani. Niambieni kilichowaokoa, au mlichokiacha nyumbani.

Kaka Mlali
Tochi. Tochi yenyewe, siyo simu.

Fundi Mnara
Nakazia hapo kwa Kaka Mlali. Nimepanda Bondwa, kilele kingine cha Uluguru chenye minara ya mawasiliano, kwa kazi ya mitambo miaka sita, kwa hiyo nasema ninachokijua. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, maana kwenye mteremko mikono yote miwili ina kazi. Na betri moja igeuze kinyume ukiwa njiani, ukihitaji taa ndiyo unaiweka sawa. Tochi ikijiwasha yenyewe ndani ya begi, unafika usiku una chombo kitupu.

La pili ni sweta kavu. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi. Mjini ukiacha nyuzi 30, Bondwa unakuta 20 au chini yake, halafu uwe umelowa jasho na ukungu, halafu upepo. Fulana ya pamba ikilowa haikauki kule. Sweta na soksi pea moja vifunge kwenye nailoni, usivivae wakati wa kupanda hata usikie baridi vipi. Hivyo ni vya kusimamia na vya usiku.

Mjukuu wa Bibi
Mnatishana bure. Bibi yangu wa Mgeta anavuka mlima tangu binti, miguu mitupu, kichwani tenga la karoti na kabichi, anakwenda gulioni na kurudi. Hajawahi kuwa na tochi ya kichwani wala begi. Hizi ni mambo za watalii.

Binti wa Bigwa
Bibi namheshimu sana. Lakini hebu mtazame vizuri anapotoka. Anaondoka alfajiri, saa nne ameshafika. Ana kanga mbili, moja kiunoni moja begani. Ana mundu. Kila nyumba njiani inamjua, asipopita kurudi watu wanauliza. Sisi hatukuwa na kimojawapo cha hivyo.

Mjukuu wa Bibi
Hapo kwenye kuulizwa umenigusa. Kweli, siku akichelewa jirani anatuma mtoto.

Mkweaji wa Naivasha
Jameni, mimi yangu ni Longonot, mlima wa volkano huku kwetu Kenya. Mlima ni mita 2,776, watu hupanda wakarudi Nairobi siku hiyo hiyo, kwa hiyo kila mtu anauona mdogo. Nilifika ukingoni mwa kreta saa tano, nikaona niuzunguke wote, ule mduara unapita kilomita saba. Nilikuwa na nusu lita. Kule juu hakuna mto, hakuna bomba, hakuna kivuli cha maana, na njia ni jivu la volkano linaloteleza chini ya kiatu kama unga. Nikafika sehemu ya juu kabisa ulimi umegandamana na kaakaa. Jasho likakata. Nikaanza kusikia baridi na jua liko utosini. Nilidhani nimepata nafuu! Mzee mmoja aliyekuwa na wajukuu wake akanikalisha, akanivika leso kichwani, akanipa maji kidogo kidogo, akakataa nisinywe kwa pupa. Yeye alikuwa amebeba lita nne mgongoni, na umri wake ni wa babangu.

Tangu hapo lita tatu, hata kama ni matembezi ya saa nne. Na kofia ya ukingo mpana.

Nesi wa Kata
Huyo mzee Mungu ambariki. Jasho kukata na kusikia baridi juani ni hatari kubwa, siyo nafuu. Bebeni pakiti mbili za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Ukizikosa: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, siyo vya mlima.

Chupa Moja
Kwani lita tatu unazibeba vipi? Mimi hununua chupa ndogo sita getini.

Mkweaji wa Naivasha
Kwetu hizo usije nazo. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu tangu Juni 2020. Beba chupa ya kudumu.

Chupa Moja
Sijasema nazitupa msituni! Nazirudisha nazo zote.

Mkweaji wa Naivasha
Sijakushutumu, ndugu yangu. Nakuepusha na askari wa getini.

Panga Kali
Hamjataja panga. Bila panga mimi siingii porini. Kuni, njia, nyoka, kila kitu.

Fundi Mnara
Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Unaingia kwa kibali na mwongozaji, ukikutwa unakata miti utaeleza vizuri. Kisu kidogo cha kukunja kinatosha.

Panga Kali
Kisu cha kukunja unakatia nini, kitunguu?

Fundi Mnara
Kamba, kitambaa, plasta. Hivyo ndivyo unavyovikata mtu akiumia.

Mtu wa Tegetero
Nimesoma kimya kimya, lakini mmefika kwenye kuumia, ngoja na mimi nitoe yangu.

Ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Watu watano tulikwenda kuangalia maporomoko upande wetu huku wa mashariki wa Uluguru. Upande huu ndio unaopokea upepo wa bahari, mvua yake mnaijua. Asubuhi tulivuka kijito kinachotufikia kwenye vifundo vya miguu. Saa tisa tunarudi, kijito ni mto, rangi ya chai ya maziwa, kinaviringisha mawe hadi unayasikia yanagongana chini. Palikuwa na gogo limelala juu yake. Rafiki yangu akasema mimi navuka. Nikamwambia subiri. Akavuka. Hatua ya tatu akateleza, mguu ukaingia kati ya gogo na jiwe, na mwili ukaenda upande mwingine. Tuliusikia mfupa. Wawili tulimshika mikono tukamtoa, tukamvuta upande wetu, upande wa msitu. Mtandao hausomi. Mvua haikati.

Tulikuwa na nini? Kanga mbili, panga, maji, kikombe cha bati, andazi moja, kiberiti mfukoni mwa suruali. Kiberiti! Njiti ya kwanza kichwa kilibanduka kikabaki kidoleni kama tope jekundu. Ya pili vile vile. Nilizimaliza zote pakiti nzima, moja moja, huku najua. Kanga moja tulifunga mguu, fimbo mbili ubavuni, nyingine tukamfunika. Akaanza kutetemeka meno yanagonga. Saa tatu usiku akaacha kutetemeka, akawa anaongea na mama yake, na mama yake alishafariki.

Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tukagonga kikombe kwa jiwe. Kijiji tulikuwa tunakiona, taa mbili tatu ng'ambo ya bonde! Hakuna aliyekuja. Baadaye walituambia: kelele tulizisikia tangu saa mbili, tukajua ni watu wanalinda mashamba, wanafukuza nguruwe. Ni kweli, huku kwetu msimu huo kila usiku watu wanapiga kelele na kugonga madebe.

Katikati yetu alikuwepo dada mmoja, mwalimu wa michezo. Alikuwa amekaa muda wote amemkumbatia mgonjwa kifuani amtie joto. Ghafla akapeleka mkono shingoni, akatoa filimbi. Ya refa. Huivaa kila siku hadi hajijui kama anayo. Akapuliza mara tatu, akanyamaza, mara tatu, akanyamaza. Hakuna anayefukuza nguruwe kwa filimbi ya refa. Haikupita robo saa taa zikaanza kutembea upande ule. Walipita juu kwenye daraja la miti, wakatufikia saa tisa usiku na machela ya fito na blanketi. Mguu wake ulipona, anatembea, anachechemea kidogo wakati wa baridi.

Kiberiti nakifunga nailoni mbili, na kingine kwenye kichupa cha dawa chenye kifuniko. Filimbi haijanitoka shingoni tangu siku ile.

Kaka Mlali
Nimesoma nimesimama.

Binti wa Bigwa
Mwambie huyo mwalimu tunamshukuru sote.

Dada Upepo
Kwa baridi kama hiyo kidogo cha pombe kali kingemsaidia. Wazee walikuwa wanabeba.

Nesi wa Kata
Hapana, tafadhali! Pombe inaleta joto kwenye ngozi tu, joto la ndani ndiyo linatoka. Mtu aliyeacha kutetemeka na kuanza kuweweseka yuko pabaya. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mtenge na ardhi kwa majani makavu au begi, mkumbatieni kama alivyofanya huyo dada. Kama anameza vizuri, chai ya sukari.

Dada Upepo
Sawa nesi, nimepokea. Na kitunguu saumu kwenye soksi kwa ajili ya nyoka?

Nesi wa Kata
Kitunguu saumu weka kwenye mboga. Nyoka kama kifutu hakimbii, analala njiani akiwa ameshaona unakuja. Vaa buti, usiweke mkono usipopaona. Akikuuma, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Vua pete na saa, mguu utulie, ubebwe hospitali.

Panga Kali
Kwetu tunakaza kamba na watu wamepona.

Nesi wa Kata
Na wengine wamekatwa mguu kwa sababu ya kamba, nimewauguza. Usikaze.

Fundi Mnara
Kuhusu filimbi: alama ya milimani ni mipulizo sita ndani ya dakika, unapumzika dakika, unarudia. Anayejibu anapuliza mara tatu.

Mtu wa Tegetero
Sisi tulipuliza tatu na wakaja.

Fundi Mnara
Sijakataa. Kikubwa ni ule mpangilio, mtu asikie kuwa ni binadamu anaomba msaada.

Mkweaji wa Naivasha
Hiyo ya kijito imenirudisha Hell's Gate, mbuga ya huku kwetu Naivasha yenye korongo jembamba. Mafuriko ya ghafla yaliua watu kwenye lile korongo mwaka 2012, yakaua tena 2019. Mvua inanyesha mbali juu, wewe uko chini kwenye mwamba mwembamba na anga juu yako ni safi. Hakuna kifaa cha kukusaidia hapo. Mwulize askari kabla hujaingia, na akikataza ukubali.

Mtu wa Tegetero
Na vijito vya milimani hushuka upesi mvua ikikata. Saa nne asubuhi kile kijito kilikuwa kimerudi kwenye vifundo. Tungesubiri tungelala njaa tu.

Mjukuu wa Bibi
Upupu je? Mimi ulinipata shingoni nikajikuna hadi damu. Bibi alinipaka tope likakauka, akalibandua.

Kaka Mlali
Sisi majivu.

Dada Upepo
Msikune! Mimi nilibandika plasta nikaivuta, vinyweleo vikatoka nayo. Shati la mikono mirefu, basi.

Binti wa Bigwa
Ahsanteni sana. Jumamosi ijayo napanda tena, mara ya kwanza tangu 2016. Begi liko hapa mlangoni: tochi na betri zake, sweta na soksi kwenye nailoni, maji lita tatu, ORS, karanga na ndizi, kanga mbili, bandeji, kisu kidogo, kiberiti ndani ya kichupa, koti la mvua. Simu nitaizima mpaka kileleni. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa saba tunageuka hata kama kilele tunakiona. Mama nimemwachia karatasi: njia gani, watu wangapi, namba ya mwongozaji, na tusipokuwa nyumbani saa kumi na moja ampigie nani. Filimbi nimeifunga kwenye mkanda wa begi.

Mtu wa Tegetero
Itoe kwenye begi, dada. Begi likiporomoka, filimbi imekwenda nalo. Vaa shingoni.